Karanga za Atupele

Jumatatu, 3 Machi

Uji wa ulezi saa moja asubuhi. Maji, ulezi, chumvi kidogo, ndizi mbivu niliyoiponda. Maziwa hakuna. Atu amekula vijiko sita, cha saba akatema. Nimempaka mafuta kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti. Ngozi imetulia leo, hajajikuna mpaka damu. Nimemfunga mgongoni tukaenda kibandani kwangu sokoni. Mvua njia nzima.

Saa nne, kliniki. Atupele ana mwaka mmoja na miezi mitatu. Uzito haujaongezeka, na huu ni mwezi wa pili. Nesi kaweka nukta kwenye kadi, kaiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari umelala chali. Ukishuka kidogo tu unaingia kwenye rangi ya kijivu, ya watoto wenye uzito pungufu.

Kauliza mtoto anakula nini. Nikamtajia. Mayai hapana, maziwa ya ng'ombe hapana, samaki nimeacha, karanga sijawahi kumpa. Parachichi anatema. Kauliza karanga zimekosa nini. Nikasema naogopa. Hakucheka. Kaniandikia karatasi niende hospitali Alhamisi, nimwone daktari wa watoto.

Unga wa lishe una karanga ndani. Kila mama pale kwenye benchi anautumia. Mimi nasaga ulezi wangu peke yake, na kule mashineni nasubiri kwanza wapite watu wawili wenye mahindi ili jiwe lijisafishe. Hilo sikumwambia nesi. Angeniona nimechanganyikiwa.

Jumanne, 4 Machi

Niandike mara moja, yaishe.

Alikuwa na miezi tisa. Yai la kuchemsha, nimeliponda pamoja na viazi. Nilipika mimi. Nikamlisha mimi. Vijiko vitatu. Kabla sijaosha bakuli, midomo ilianza kuvimba. Kisha macho yakafumba. Akatapika. Halafu ikaja ile sauti ya pumzi, kama mtu anavuta hewa kupitia tundu la sindano. Nilitoka nje bila viatu. Dereva wa bodaboda aliuona uso wa mtoto, hakuuliza tunakwenda wapi, akapiga honi mpaka hospitali. Wakamchoma sindano ya paja. Baada ya muda akalia. Nilipiga magoti pale sakafuni.

Maziwa yalikuja kabla ya yai. Hayo yalimtoa vipele mwili mzima, basi. Yai ndilo lililonivunja.

Mume wangu, Gwamaka, alikuwa kiwandani kwenye majani ya chai. Alipofika mtoto alishalala, uso umeshaanza kurudi. Hajawahi kuuona ule uso. Ndiyo maana anaweza kusema "si ameshapona".

Alhamisi, 6 Machi

Daktari ni binti mdogo, mwembamba, anasikiliza huku kalamu iko mezani. Nilimweleza yote. Akasema mtoto mwenye pumu ya ngozi tangu mchanga, tena mwili wake umekataa yai, ana hatari kubwa kuliko wengine ya kukataa karanga. Nikasema ndiyo sababu simpi. Akasema kumnyima si kumkinga. Kadiri mtoto kama huyu anavyocheleweshwa, ndivyo mwili wake unavyoweza kujifunza kuikataa. Na mtoto huyu anakonda.

Kipimo cha damu hapa hakipo. Kilichopo ni kumwonjesha hapo hapo hospitali, dawa zikiwa tayari, kidogo kidogo, huku wanamwangalia. Wiki ijayo, Alhamisi. Ngozi iwe imetulia, asiwe na mafua wala homa. Nije na karanga zilizosagwa laini kabisa, zisizochanganywa na kitu. Nzima asipewe kamwe, umri huu zinakaba. Na nisimjaribu nyumbani, hata kwa kulambisha tu.

Nikauliza, "Na ikiwa kama yai?"

Akasema, "Ndiyo maana nataka iwe hapa, mbele yangu."

Nimerudi kibandani. Nimeshona mkono wa gauni la mteja upande usio wake. Nimefumua.

Ijumaa, 7 Machi

Gwamaka anasema tumshukuru Mungu, kuna njia. Nikamwambia, basi mlishe wewe. Akaenda kukata majani ya ng'ombe wa jirani, ambayo hakuombwa.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada tulikwenda Masukulu kwa mama mkwe. Safari hizi zinanichosha. Macho yangu hayaondoki mikononi mwa watu. Nani ameshika nini, nani anataka kumbusu mtoto na amekula nini.

Mama alikuwa na kikombe cha maziwa ya moto tayari. "Mtoto gani hanywi masiwa, na ng'ombe yuko hapo nje?" Kila mara ni hivyo. Nikamwambia kuhusu daktari na karanga. Akasema, "Kalanga? Sisi tumekula kalanga tangu Kyala alipotuumba."

Halafu akakiweka kikombe chini. Gwamaka alikuwa ametoka kuangalia migomba. Mama akamchukua Atu, akamweka mapajani, akamgeuza mikono, akaitazama ile ngozi iliyokwaruzika. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kabla ya Gwamaka alikuwa na mtoto wa kike. Alikuwa ameanza kutembea. Siku moja alivimba uso, akakosa pumzi, kufika saa sita mchana hayupo. Watu wakasema amerogwa. Jirani mmoja alihamishwa kwa ajili hiyo.

Nikauliza, "Alikuwa amekula nini, mama?"

"Sikumbuki, mwanangu. Nani angeuliza hilo wakati ule?"

Akayamwaga yale ya kikombe nje kwenye majani, maziwa yote. Akasema, "Mpeleke kwa daktari. Usimpe peke yako."

Gwamaka hajui. Au anajua, hakusema. Nimebeba hili peke yangu na sijui niliweke wapi.

Jumanne, 11 Machi

Mafua. Makamasi, kikohozi, joto kidogo. Alhamisi haiwezekani tena. Nimepiga simu hospitali, wamesema wiki inayofuata, tarehe ishirini.

Nimefurahi. Mtoto wangu anaumwa na mimi nimefurahi. Mama gani huyu.

Jumatano, 12 Machi

Niandike tangu mwanzo.

Kibanda cha jirani yangu pale sokoni ni cha Mama Zuhura. Anauza karanga. Mbichi, za kukaanga, za kusaga. Katikati yetu ni ukuta wa mbao, na chini mbao hazifiki sakafuni. Tangu lile yai nimekuwa nikimweka Atu upande wa pili, nyuma ya cherehani, bila kumwambia Mama Zuhura kwa nini. Niliona aibu. Ningeanzaje kumwambia kwamba riziki yake ndiyo ninayoiogopa?

Leo nilikuwa nampima mteja. Nilipogeuka, Atu amekaa kando ya ukuta wa mbao. Kwenye ngumi ana ganda jekundu la karanga, lile jepesi kama karatasi. Mdomo unatafuna.

Nilimtia kidole mdomoni mpaka akatapika uji. Karanga sikuiona. Nikapiga kelele. Nilimpigia kelele Mama Zuhura mbele ya soko zima. Nikamwita muuaji. Yeye amesimama na chekecheke mkononi, amefunga Ramadhani, mdomo mkavu, hajui amefanya nini.

Nikakimbia hadi zahanati. Nikakaa kwenye benchi la nje saa mbili nzima na Atu mapajani. Nilimfunua nguo kila baada ya dakika chache nikitafuta vipele. Nesi wa pale, mama mtu mzima, akatoka mara tatu kumwangalia. Hakuna kitu. Alikuwa akitafuna kipande cha uzi wangu. Nilikikuta kwenye kanga tulipofika nyumbani.

Sikupita sokoni kurudi. Cherehani niliiacha wazi.

Ijumaa, 14 Machi

Jana sikufungua. Leo nimekwenda. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa turubai, na vitambaa vya wateja vimekunjwa juu ya kiti. Mama Zuhura ndiye aliyefanya hivyo.

Nilimwomba radhi. Nikamweleza yai, maziwa, daktari, kila kitu. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mama Atu, mwaka mzima tunakaa bega kwa bega, na hukuniambia. Ningeziba huu ukuta siku ile ile." Hilo limeniuma kuliko kama angenitukana.

Mchana alileta vipande vya mbao, akaziba mwenyewe. Misumari minne. Kisha akauliza daktari anataka karanga za namna gani.

Jumanne, 18 Machi

Mafua yamekwisha. Ngozi nzuri. Hakuna sababu tena ya kuahirisha. Nimeitafuta.

Mama Zuhura amechambua karanga moja moja juu ya ungo. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye alama yoyote ya ukungu, zote kazitupa kwa sababu ya sumukuvu. Kakaanga polepole bila chumvi. Katwanga kwenye kinu alichokiosha kwa maji ya moto, akarudia kusaga mpaka ikawa laini kama losheni. Kwa sababu amefunga hakuweza kuonja. Akaniambia nionje mimi. Nilionja. Tamu. Nikachukia kwamba ni tamu.

Chupa ndogo ya kioo, mfuniko wa bluu. Nimeiweka juu ya kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa. Najua iko pale. Hata nikiwa uani najua iko pale.

Jumatano, 19 Machi

Gwamaka aliahidi kuomba ruhusa. Amerudi anasema wamempanga zamu ya asubuhi, haiwezekani. Sikugombana. Sina nguvu ya kugombana.

Mama mkwe kapiga simu. Hakusema mengi. Anafunga kesho hadi jioni, anaomba.

Alhamisi, 20 Machi

Tumerudi. Yuko hai, analala. Niandike kwa mpangilio.

Saa mbili na nusu tulikuwa hospitali. Ukungu mzito, mlima hauonekani. Walimpima joto, wakamsikiliza kifua, wakamvua wakamwangalia ngozi yote. Mezani kulikuwa na sinia. Bomba la sindano, dawa ya adrenalini, barakoa ndogo ya hewa. Mtungi wa oksijeni pembeni. Nilipoona ile barakoa ndogo, kipimo cha uso wa mtoto, nilitafuta kiti. Nikakaa.

Daktari akaichanganya karanga na maji ya uvuguvugu. Akasema nimlishe mimi, kwa kuwa mtoto ananiamini mimi. Hapo nilitaka kuondoka. Ndiyo, ananiamini. Ndivyo alivyofungua mdomo na lile yai.

Ncha ya kijiko. Aliramba. Akaangalia ukuta. Tukasubiri robo saa. Daktari aliangalia saa, mimi niliangalia midomo.

Hakuna kitu. Akasema ongeza, robo ya kijiko cha chai. Nikampa.

Dakika ya sita au ya saba, nikaona. Wekundu upande wa kushoto wa mdomo. Kisha kidevuni. Madoa matatu yaliyoinuka. Nikasema, "Daktari, anavimba!" Nilisikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu mwingine. Nilikuwa tayari nimesimama na mtoto kifuani, nauelekea mlango. Sijui nilitaka kwenda wapi. Tulikuwa hospitali.

Daktari akanishika bega. "Kaa, Mama Atu. Nimwone." Akamfuta kidevu kwa maji. Akamsikiliza kifua. Akamwangalia ulimi, tumbo, mgongo. Akamshika nesi mkono, akamwambia kitu taratibu, nesi akaivuta dawa kwenye bomba. Nikaiona inaingia. Nikasema ndani yangu, ndiyo hii, nimemuua, nimemuua mara ya pili.

Tukasubiri. Atu akavuta mpira wa kipimo kilichoning'inia shingoni mwa daktari. Akacheka.

Madoa yalikaa muda mfupi yakaanza kupauka. Hayakusambaa. Daktari akasema ni pale tu karanga ilipogusa ngozi, na ngozi ya Atu ni nyepesi, hata nyanya ingeweza kufanya hivyo. Ndani hakuna shida. Akapaka mafuta mazito kuzunguka mdomo. Akasema tusubiri nusu saa nyingine, kisha tuendelee.

Nikasema hapana.

Akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana. Akasema tukiishia hapa, nitarudi nyumbani bila jibu, na nitaogopa maisha yangu yote. Akasema uamuzi ni wangu. Hakunikimbiza.

Nilifikiria yule mtoto wa Masukulu ambaye hata jina lake sikuliuliza.

Nikampa. Nusu kijiko, kisha kilichobaki. Tukakaa saa mbili. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Saa saba mchana daktari akamwaga dawa ya bomba kwenye sinki, akaandika kwenye faili.

Maelekezo: kuanzia sasa apewe nyumbani mara tatu kwa wiki, kijiko kimoja cha chai kwenye uji, asubuhi, akiwa mzima. Nimwangalie kwa saa mbili. Nisiache. Akiacha muda mrefu, mwili unaweza kusahau, na tutarudi mwanzo au pabaya zaidi. Midomo ikivimba, akitapika, pumzi ikibadilika, nije mbio.

Nilipaswa kufurahi. Nimekaa kitandani kando yake nahesabu pumzi.

Ijumaa, 21 Machi

Gwamaka ameimba tangu jana. Amempigia mama yake. Namsikia anasema "amekula, amekula".

Jumapili, 23 Machi

Leo ilikuwa siku ya kwanza ya nyumbani.

Sikumpa.

Nilipika uji. Nikafungua chupa. Nikachota kijiko. Jikoni hapakuwa na daktari, wala sinia, wala mtungi. Paa la bati na mvua tu. Kijiko nikakila mimi. Nikasukutua mdomo mara tatu na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa. Gwamaka alipouliza, nikasema amekula vizuri.

Jumanne, 25 Machi

Tena. Kijiko kimoja, mdomoni mwangu. Chupa inapungua kama inavyotakiwa. Gwamaka ameiinua kwenye mwanga, akatabasamu.

Mimi ni mwongo. Nimeokoka jaribio la hospitali na nimeshindwa na jiko langu mwenyewe. Na kila siku inayopita mwili wake unasahau. Sasa naogopa vitu viwili. Kumpa, na kutokumpa.

Jumatano, 26 Machi

Mama Zuhura aliuliza, mtoto anaendeleaje na karanga, niandae nyingine? Nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano. Nikaanza kulia. Nilimwambia kila kitu, hata kusukutua.

Hakunihubiria. Akauliza, "Unaogopa karanga, au unaogopa kuwa peke yako nayo?"

Nikasema ya pili.

"Basi usiwe peke yako. Ile zahanati uliyokimbilia siku ile ina benchi, na benchi halikatazi mtu kula uji."

Alhamisi, 27 Machi

Saa mbili na nusu. Uji kwenye chupa ya chai, karanga kwenye kichupa chake, kijiko, kitambaa, mafuta ya mdomo. Nilikwenda zahanati nikakaa kwenye benchi lile lile. Nesi mtu mzima alinikumbuka. Nikamweleza, naomba kukaa hapa tu, simsumbui mtu. Akasoma karatasi ya daktari, akasema subiri. Akaingia ndani, akarudi kuniambia dawa ya dharura ipo na yeye yupo. Kisha akaendelea kuita majina ya wagonjwa.

Wiki nzima bila karanga. Nikaanza na ncha ya kijiko kama hospitali, nikasubiri, halafu nikampa kijiko chote kwenye uji. Atu alikula akiangalia kuku wanaopita. Doa moja kidevuni, nikalifuta, likaondoka.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliniangalia. Mmoja akauliza, mtoto anaumwa nini? Nikasema haumwi, anakula.

Saa mbili zikapita. Nesi akanipungia mkono, nenda zako.

Jumamosi, 29 Machi

Zahanati tena. Sawa tena.

Jioni kabla ya chakula nimemwambia Gwamaka. Nilisema nimekudanganya, mara mbili nilikula mimi. Nilitegemea apaze sauti. Alikaa kwenye kigoda akaangalia mikono yake, yenye weusi wa chai usiotoka kwa sabuni.

Akasema, "Ile zamu ya tarehe ishirini sikupangwa. Niliomba mwenyewe."

Nikaweka mwiko chini.

"Nilijua nikiwa pale nitamnyang'anya yule daktari kijiko. Mama aliniambia habari za dada yangu nikiwa darasa la tano. Tangu siku ile uliposema yai, simwangalii Atu akila. Hujaona? Kila akila, mimi nina kazi nje."

Sikuwa nimeona. Nilidhani haogopi. Nilikasirika mno, kwa sababu aliniacha peke yangu na sinia lile. Nikamwambia hivyo. Akasema najua. Lakini chakula tumekula sahani moja.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mama Zuhura ametuletea pilau, na amenihakikishia kila kilichomo, kitu kimoja kimoja, hadi mafuta aliyotumia. Kanga yake mpya nilimshonea mimi pindo.

Jumanne, 1 Aprili

Nyumbani. Jikoni kwangu. Gwamaka alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alikuwepo. Alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, mvua inamlowesha mgongo. Mimi nililisha. Yeye aliangalia hadi kijiko cha mwisho. Alikuwa na rangi ya majivu.

Hakuna kitu.

Jumatatu, 7 Aprili

Kliniki. Ameongezeka. Si sana. Nesi ameweka nukta, na mstari umeinua kichwa kidogo. Akasema endelea. Anataka pia nirudi kwa daktari mwezi ujao kuzungumzia yai. Nikasema ndiyo. Moyo ukasema hapana. Hiyo hofu ya mwezi ujao, sitaibeba leo.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Mitende. Ibada ndefu. Nilikwenda peke yangu. Atu alikuwa bado amelala, na Gwamaka alisema atabaki naye, nikirudi ndipo nimpe uji na karanga. Tulikubaliana hivyo.

Maandamano, nyimbo, mahubiri, matangazo. Nje mvua ilikatika, jua likatoka kwenye migomba, nikakaa kuongea na watu. Nimerudi inakaribia saa saba.

Mlango ulikuwa wazi. Gwamaka amekaa sakafuni, mgongo ukutani, Atu amelala kifuani kwake. Bakuli limeoshwa limefunikwa. Chupa iko mezani, imepungua kijiko kimoja. Kwenye shavu la Atu kuna uji uliokauka.

"Saa tatu na nusu," akasema kwa sauti ya chini, asimwamshe. "Alikuwa na njaa. Kijiko kizima. Nimeangalia mpaka saa sita."

Nilihisi hasira ikipanda, halafu sikuipata tena. Saa tatu na nusu mimi nilikuwa nimesimama na tawi la mtende, naimba. Sikuhisi chochote. Mtoto wangu alikula karanga, akacheza, akashiba, akalala, na mimi sikuwepo.

Nilimwinamia nikasikiliza pumzi. Inaingia, inatoka. Ya Gwamaka ndiyo ilikuwa ya haraka.

Nikavua viatu, nikakaa sakafuni karibu nao. Nguo za kufua zipo, sijazigusa. Ndizi za mchana sijamenya. Tumekaa tu.